Mvuto wa Upanga: Suala la Kimaadili katika Hadithi za Conan

Conan, shujaa mshenzi wa Robert E. Howard (na ushenzi kwake Howard ni sifa), alizuka katika jarida la Weird Tales mnamo Desemba 1932, Marekani ikiwa imezama katika mdororo wa uchumi. Benki zilizofilisika hazikuwa na shingo ya kukatwa. Mchawi wa hadithini anayo. Hapo ndipo penye mvuto, wala si katika damu yenyewe. Lakini uovu ukishapewa mwili, ni wepesi pia kupewa rangi. Katika "The Vale of Lost Women", iliyochapishwa mwaka wa 1967, miaka 31 baada ya kifo cha mwandishi, kichwa anachokikata Conan ni cha mtawala mweusi. Msomaji aliyeburudishwa na pigo la kwanza atalikataa hili kwa hoja gani?