Nani Hulipa Nauli?

Kila jioni katika mji wa Nairobi, mtu aishiye kitongojini husimama mbele ya njia mbili. Aendaye Syokimau, kwa mfano, aweza kupanda garimoshi katika stesheni kuu, au aweza kukodi teksi. Garimoshi lina saa yake, wala halimngoji mtu. Nauli yake ni ndogo na abiria wake ni wengi. Teksi huondoka wakati apendao mwenye kuikodi na humfikisha mlangoni, lakini gharama yake ni mara nyingi kuliko ile ya garimoshi. Uchaguzi huu waonekana mdogo mno kuitwa jambo la maadili. Hata hivyo, mambo makubwa humjia mtu mara chache maishani, na madogo humjia kila siku. Kwa hiyo tabia yake hujengwa zaidi na haya madogo.

Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa mwaka 1899, na kambi ya wajenzi ikakua ikawa mji. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa mwaka 2012, pamoja na uwanja wa kuegeshea magari, ili watu wa vitongoji waache magari yao huko waje mjini kwa garimoshi. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu, yenye urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na kila gari lipitalo juu yake hulipiwa ushuru. Basi njia zimeongezeka. Kipimo cha kuchagulia ndicho kilichobaki kigumu.

Watu wengi hupima kwa fedha au kwa muda. Lakini ukiwauliza wahenga, utawakuta wamesimama pande zote mbili. Hapa watakuambia kuwa haraka haraka haina baraka; pale watakuonya kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi nilijifunza kipimo kingine kwa makosa yangu mawili, nami nitayasimulia yote mawili, kwa kuwa hayakufanana.

Siku moja nilimpeleka mama yangu hospitali kwa ajili ya maumivu ya magoti. Jioni tulikuwa twende kwa dada yangu, Syokimau. Nilikuwa na fedha za kutosha kukodi teksi, lakini nilijiambia kuwa mwalimu hana budi kuwa mfano wa uwekevu. Tukapanda garimoshi. Viti vilikuwa vimejaa, na mama akasimama ameshika nguzo ya behewa. Tulipita Makadara amesimama. Tulipokaribia Imara Daima, kijana mmoja aliyevaa ovaroli ya kazi aliinuka akamwambia, "Mama, keti hapa." Mimi nilishukuru, huku nikihesabu moyoni fedha nilizookoa. Tuliposhuka tulikwenda kwa miguu mpaka nyumbani. Dada yangu alipouliza habari za safari, mama alijibu, "Salama. Ndugu yako ajua kutunza fedha." Niliyapokea maneno hayo kama sifa. Usiku, dada alipoleta maji ya moto, nikaiona miguu ya mama ilivyovimba, ndipo nikafahamu alichokuwa amesema.

Kosa la pili lilitokea baada ya miezi michache. Jamaa yangu mmoja aliita watu nyumbani kwake, huko huko Syokimau, wamchangie mwanawe karo ya shule. Nilikuwa peke yangu, mzima wa afya, nina mfuko mdogo mkononi, na garimoshi lilikuwa halijaondoka. Lakini nilitaka nionekane nikishuka katika gari. Nikakodi teksi, nikamwambia dereva apite barabara ya juu, na ushuru nikalipa mimi. Nilipofika, watu wote walikuwa ndani; aliyeniona nikishuka ni mbwa tu. Zamu yangu ya kuchanga ilipofika, nilitoa nusu ya kile nilichokuwa nimekusudia.

Tazama sasa, msomaji. Mara ya kwanza nilichagua garimoshi, na nauli ililipwa na magoti ya mama yangu. Mara ya pili nilichagua teksi, na nauli ililipwa na mtoto aliyengoja karo. Fedha zilitoka mfukoni mwangu, lakini gharama haikuwa yangu. Uwekevu ulioelemea mwili wa mtu mwingine ulikuwa ubahili uliovaa nguo za wema. Na ile raha niliyoinunua kwa haki ya mwingine haikustahili jina la raha.

Huenda mtu akasema, "Mali yangu ni yangu, nitakodi nipendavyo, na dereva wa teksi naye ana watoto wa kulisha." Neno hilo lina ukweli. Dereva ni mfanyakazi halali, na mgonjwa, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, au mtu aliyekutwa na usiku hana sababu ya kuona haya kwa kukodi. Lakini mzima mmoja anayejaza barabara kwa gari la watu wanne huongeza foleni ambamo gari la wagonjwa nalo hukwama. Sehemu ya raha yake hulipwa na watu asiowajua, wala hawakuulizwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba garimoshi ni jema na teksi ni mbaya. Vyombo havina dhambi. Nasema tu kwamba kabla ya kuuliza ni bei gani na ni saa ngapi, tuulize kwanza ni nani atakayelipa. Ninyi vijana mnaosoma maneno haya, mtapata mishahara kesho, na mtakuwa na wazazi wa kuwapeleka hospitali. Mama yangu hakulitaja tena jambo lile. Lakini tangu siku ile, akija mjini, mimi humwuliza yeye kwanza tusafiri kwa nini. Na mara nyingine, magoti yakiwa na nafuu, yeye mwenyewe huchagua garimoshi.