Dirisha la Karatasi

Husemwa ya kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ina ukweli wake, lakini miaka yangu ya kufundisha imenionyesha upungufu wake pia. Wengi wetu tuna macho mazima, na bado twahitaji kuambiwa tazama kila siku.

Ewe msomaji, chukua kipande cha karatasi ngumu, ukate katikati yake dirisha dogo la ukubwa wa kiberiti, kisha uende nacho katika soko la Wakulima mjini Nakuru. Fumba jicho moja, utazame kwa jingine kupitia dirisha hilo. Ulichokuwa ukikiita fujo kitaanza kujipanga. Magunia ya viazi yaliyotoka Molo yamesimama kama wazee barazani. Kamba ya turubali imeligawa anga pande mbili. Mwanamke aliyeinama juu ya fungu la karoti amefanya upinde, na upinde ule wajibiwa na ukingo wa beseni lake. Hakuna aliyevipanga vitu hivyo ili vikupendeze wewe. Wala karatasi haikuongeza kitu, imepunguza tu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mpiga picha, na ya mchoraji pia: kuamua kitakachobaki nje. Ila nenda mapema. Nakuru i karibu sana na Ikweta, na saa sita mchana kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake, na kila kitu huwa bapa kama chapati.

Usidhani kwamba jicho la namna hii lililetwa na kamera. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, mahali alipochimba Louis Leakey, yako mashoka ya mkono ya mawe, baadhi yake ya kioo cheusi cha volkeno, yaliyochongwa na viumbe waliomtangulia binadamu wa leo kwa mamia ya maelfu ya miaka. Shoka lisilolingana pande zake pengine lingechuna ngozi vile vile. Hata hivyo mengi yamechongwa kwa uangalifu, upande huu ukalingana na ule kama jani la mti. Wataalamu hubishana juu ya sababu yake. Mimi nikiyatazama huona mkono uliokataa kuiacha kazi kabla jicho halijaridhika.

Hadi hapa jambo ni jepesi, na laiti ningeweza kuishia hapa.

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wachache, pamoja na kamera yangu, tukaenda ukingoni mwa Ziwa Nakuru upande wa Mwariki. Maji ya ziwa hilo yalianza kupanda kiasi cha mwaka 2010, na katika muda wa miaka kumi eneo lake likakua kutoka kilomita za mraba zipatazo 40 hadi zaidi ya 60. Yalimeza lango kuu la hifadhi ya wanyama, yakameza mashamba na nyumba za watu. Migunga iliyozama ilikufa imesimama. Mvulana mmoja alipiga picha ambayo hata leo siwezi kuitia ila: maji matulivu kama kioo, vigogo vikavu vya migunga safu kwa safu pamoja na taswira zake majini, na katikati, kidogo upande wa kushoto, paa la bati lenye kutu, rangi pekee ya moto katika picha nzima. Tuliitundika darasani. Niliisifu sana. Nilieleza jinsi vigogo vile vinavyoliongoza jicho polepole mpaka likafika kwenye kutu, likatua. Msichana aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, hilo ni jiko letu.”

Sikuwa na neno la kujibu. Nilikuwa nimeipamba kutu ile kwa maneno matamu mbele ya mtu aliyekuwa akila ugali chini yake.

Watakuwapo watakaosema ya kuwa picha ile ilistahili kushushwa pale pale, kwani uzuri uliopatikana katika msiba wa mtu ni uzuri wa mkakasi. Nimelifikiri neno hilo siku nyingi, nami silikubali. Mwezi wa Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, aliwapiga picha za filamu wenye njaa wa Korem, Ethiopia, waliojikunyata katika baridi ya alfajiri. Walimwengu waliokuwa wamesikia habari za njaa ile kwa maneno wasishtuke, walishtuka walipoziona picha hizo katika televisheni, na misaada ikamiminika. Picha iliyopigwa ovyo isingewafaa wale watu hata kidogo.

Lakini siwezi kusema ya kuwa mpiga picha hadaiwi kitu. Lile dirisha la karatasi hupunguza, nawe ukiisha kuzoea kupunguza, waweza kumpunguza mtu. Yule mwuza karoti niliyekuambia umtazame asubuhi hakuwa upinde. Alikuwa mtu mwenye mgongo unaomwuma na karo ya kulipa, na huenda hakupenda kutazamwa. Rudi nyuma usome tena maneno yangu: nilikuelekeza namna ya kumtazama, nisikukumbushe hata kumsalimu. Kosa hilo si la karatasi.

Picha ya jiko haikushushwa. Baada ya masomo yule mvulana alimwendea msichana, akamwuliza mlango ulikuwa upande gani. Wakasimama wote wawili mbele ya ukuta. Msichana aliweka kidole juu ya maji, mbali kidogo na paa, akasema hapa palikuwa na banda la kuku. Akakisogeza, akasema hapa palikuwa na kisima. Kisha kidole kikatoka nje ya picha, kikagusa ukuta mtupu, akasema hapa ndipo nyanya alipokuwa akiota jua. Mvulana alikuwa ameiandikia picha jina, “Ukimya”. Alilikata kwa penseli, akampa msichana penseli hiyo. Msichana akaandika: “Jiko la mama, Mwariki.” Kama aliipenda picha ile au hakuipenda, hakusema, nami sikumwuliza.