Heri ya Kuzaliwa, Nirushie PDF

Januari mosi ikifika, katikati ya salamu za mwaka mpya, picha ya mwandishi Shaaban Robert huzunguka kwenye makundi ya simu ya watu wa Tanga: siku kama ya leo, mwaka 1909, alizaliwa Vibambani, kule Machui. Watu huweka vidole gumba, wengine maua. Kisha hutokea mmoja na ombi la riwaya ya mwandishi huyo: wakuu, mwenye PDF ya Kusadikika anirushie. Harushiwi moja tu, hurushiwa tatu, na moja kati ya hizo haina jalada wala jina la mtunzi. Inaanza ukurasa wa tano.

Tarehe yenyewe si kitu cha kuchezea, ila tusiitukuze kupita kiasi. Wazee wengi wa nchi hii wana Januari mosi kwenye vitambulisho kwa sababu karani hakuambiwa siku, na fomu haikukubali nafasi wazi. Sisemi ya Shaaban Robert iliandikwa hivyo. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya ukarani serikalini miaka mingi na hapana shaka alijua uzito wa tarehe. Lakini siku ya kuzaliwa ni siku katika maisha ya mwandishi ambayo hana hata mstari mmoja wa kujivunia. Mwimbaji Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert huyohuyo alimwandikia wasifu, hana siku ya kuzaliwa inayojulikana kwa hakika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, sauti ikabaki. Kwa kanuni ya "siku kama ya leo" hana pa kuingilia.

Sheria ina saa nyingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiulizi mtunzi alizaliwa lini. Inauliza alikufa lini, kisha inahesabu miaka hamsini. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa maandishi yake ulikoma mwaka 2012 ulipokwisha, na kulipopambazuka Januari mosi ya 2013, siku yake ya kuzaliwa, maneno yake yalikuwa mali ya kila mtu. Kitabu chake cha maisha kinaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Bila shaka jina hilo halikuhusu hakimiliki, lakini hakimu gani angeandika vizuri zaidi?

Kwa hiyo anayerusha Kusadikika hamwibii marehemu. Mhariri aliyesafisha chapa mpya, mchapishaji aliyelipia karatasi na mchoraji wa jalada, hao ni habari nyingine, na kupiga picha kurasa zao moja baada ya nyingine ni kuvuna jasho la watu walio hai. Hata hivyo kinachonikera zaidi ni lile faili linaloanza ukurasa wa tano. Asubuhi tumesambaza jina lisilo na kazi, jioni tunasambaza kazi isiyo na jina, na hatuoni kwamba tumemgawa mtu mmoja vipande viwili.

Kunakili si jambo geni kwetu. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa pwani hii ya Tanga, uliishi katika hati za mkono kabla haujafika kwa mpiga chapa. Hakuna aliyewaita wanakili wezi. Lakini watunzi wengi wa tenzi walikuwa wajanja: walilitia jina lao ndani ya beti za mwisho, mara nyingine pamoja na tarehe ya kumaliza kutunga, ili anayenakili kazi abebe na mwenyewe. Tarehe waliyoitaka ikumbukwe ilikuwa ya kumaliza kazi. Ya kuzaliwa waliwaachia mama zao.

Wasiwasi wangu hasa ni kwa walio hai. Mwandishi wa leo hutakiwa heri ya kuzaliwa kundini, naye hujibu asanteni, na kabla bando halijaisha mtu anaomba riwaya yake "kama kuna mwenye softikopi". Hapo hakuna miaka hamsini ya kuhesabu. Najua utetezi: maduka ya vitabu ni machache, mwanafunzi hana hela, kitabu kimekwisha sokoni na mchapishaji hana mpango wa kukirudia. Utetezi wa mwisho ndio mzito, na siudharau. Kitabu kisichopatikana kimekufa kabla ya mwenyewe. Lakini mwandishi huyo yumo kundini, namba yake inaonekana. Anaweza kuulizwa. Pengine atasema rusheni, mradi jalada libaki. Pengine atasema hapana, ana nakala kadhaa chini ya kitanda na anaziuza, na atataja bei.