Lafudhi Hutangulia Hoja

Kijana wa mradi wa maji alikuwa amejiandaa kuliko sisi sote tuliokaa mkutanoni chini ya mwembe. Alileta ramani na hesabu za ukarabati wa pampu. Akaanza: "Kimsingi, wadau wakiwa na umiliki, uendelevu wa mradi unakuwa rahisi." Mama mmoja wa mbele akamgeukia jirani yake, wala hakunong'ona: "Anasema nani afanye nini?"

Baadaye akasimama mzee mmoja na mkongojo wake. "Wanangu, mmeamkaje?" Akawapa pole waliofiwa wiki ile, kisha akasema pampu ni ng'ombe wa maziwa: ukikamua tu bila kulisha, atakauka. Michango ikaanza kuandikwa palepale.

Hoja ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kinywa.

Aristotle alitaja njia tatu za kumshawishi mtu: hulka ya msemaji, hisia za msikilizaji, na hoja yenyewe. Hulka aliipa uzito mkubwa sana, ila kwa sharti: imani izaliwe na maneno yanayosemwa pale pale, isiwe sifa aliyokuja nayo msemaji. Sharti zuri, lakini sioni litatimizwa vipi. Neno likitoka tu, limeshasema limelelewa wapi.

Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York: la matajiri, la watu wa kati na la wenye kipato kidogo. Aliwauliza wauzaji bidhaa fulani iko wapi, huku akijua watamjibu ghorofa ya nne. Masikio yake yalikuwa kwenye sauti moja tu, ile r ya maneno mawili ya Kiingereza, "fourth floor". Kisha alijifanya hajasikia, ili warudie. Katika duka la kwanza asilimia 62 ya wauzaji waliitamka r walau mara moja. La pili, 51. La tatu, 20. Na hao hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kusimama kaunta kutwa nzima, ila ulimi waliuazima kwa wateja wao. Wale wa duka la kati ndio waliojitahidi zaidi walipotakiwa kurudia.

Je, kuazima ulimi ni uongo? Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1963, Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, anawaeleza Warumi kwa nini alistahili kufa, nao wanaridhika. Anakuja Antony, rafiki wa marehemu, anadai yeye hajui kusema, ni mtu wa kawaida tu, kisha anawaonyesha majeraha ya Kaisari. Mji unawaka. Unyonge ule ulikuwa vazi, na lilimkaa vizuri kwa sababu hakuwa mnyonge.

Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Msomi akishuka, akaongea Kiswahili cha mtaani wakati wa kampeni, tunamsifu: huyu mwenzetu, hana makuu. Dada wa kazi akipanda, akatamka kama mtangazaji wa redio, tunacheka: anajifanya nani? Wote wawili wameazima. Mmoja tu ndiye anayedaiwa.

Nami nilimcheka kijana wa mradi siku ile pale mwembeni, sikatai. Mzee yule ni mshenga wa miaka mingi. Usahili wake ni ufundi, umenolewa katika posa zisizohesabika. Na kijana yule, niliambiwa baadaye, mama yake ni mkulima wa kijiji cha jirani tu. Yale maneno ya "wadau" na "uendelevu" ameyapata kwa jasho, na bila hayo asingesikilizwa na wakubwa wake ofisini.

Mkutano ulipokwisha nilimkuta barabarani akipatana bei na kijana wa bodaboda. Alikuwa ameweka ramani kwapani, anaongea kwa lafudhi ya kwao, nzito, ya utani mwingi. Mwenye bodaboda akacheka, akapunguza elfu moja.