Pembe Nne za Kitanda



Mtakatifu Marko, katika sura ya pili ya Injili yake, atusimulia habari za watu wanne waliomchukua mgonjwa wa kupooza. Mlango ulisongwa na watu, nao hawakusema, "Tutarudi kesho." Walipanda juu, wakafungua paa, wakamteremsha mbele ya Yesu. Bwana wetu aliitazama imani yao, imani ya wachukuzi.

Hapa Kindu mama mmoja alitokwa na damu siku zisizo zake. Kwa muda mrefu aliona haya. Hata aliponieleza, mimi mwalimu wa dini nalimjibu, "Sali novena, mama, uvumilie." Sala ilikuwa njema, lakini shauri langu lilikuwa nusu. Alipofika kwa daktari, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha enea. Tulimzika. Kosa hilo nimeliungama.

Basi tusijifiche nyuma ya sala. Amri ya tano yatuagiza kuutunza uhai. Ugonjwa huu hukua polepole, mara nyingi miaka 15 hata 20. Katika muda huo mwuguzi aliyefundishwa aweza kupaka siki, akaiona alama, nayo ikatibiwa mapema. Ukichelewa, wahitaji upasuaji au mashine ya mionzi, nayo haipatikani kila mji. Hata Kampala, mashine ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, mpya haikuzinduliwa rasmi mpaka mwaka 2018. Saratani haikuwangoja wagonjwa.

Kitanda cha mgonjwa kina pembe nne. Ya kwanza ni ya mume: asimwambie mkewe angoje mavuno. Ya pili ni ya jirani: tuchange nauli ya mtumbwi wa kuvuka Lualaba, na fedha ya dawa. Ya tatu ni yetu walimu wa dini: tuseme "Sali" na "Nenda hospitali" kwa pumzi moja. Ya nne ni ya watawala: hospitali ya serikali ni mlango wa maskini, nao wasiuache umesongwa. Pembe moja ikiachwa, mgonjwa huanguka.

Nawe mama, ukiona damu isiyo ya desturi, usingoje Mpako Mtakatifu ndipo useme. Nenda juma hili.

Ee Yesu, Mganga wetu, utupe imani ya wale wanne. Amina.