Pishi Moja, Nyoyo Mbalimbali

Ndugu msomaji, mkulima wa hapa Mwera akimuuzia mpunga mtu wa Tanga asiyemjua kwa jina wala ukoo, nini kiliwawezesha wazee wetu kukubaliana? Ni kipimo. Pishi ilikuwa vibaba vinne, na kila mtu aliijua. Hata Zaka ya Fitri twaitoa kwa pishi. Kipimo kikiwa kimoja, wageni hufanya biashara.

Lakini pishi haikumzuia mtu kupandisha kitako chake kwa ndani. Kwa nje ni pishi, na ndani ni pungufu. Swali letu leo ni hili: je, mtu akitimiza sura ya kipimo, ametimiza uaminifu?

Swali hili limerudi kwa mlango mwingine. Vijana wetu sasa wananunua tokeni, yaani alama za mali zinazoandikwa katika daftari linaloshikwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila tokeni huendeshwa na mkataba ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta, unaojitekeleza wenyewe. Novemba 2015 Fabian Vogelsteller na Vitalik Buterin walipendekeza katika mtandao wa Ethereum kanuni iitwayo ERC-20. Kila mkataba wa tokeni uweze mambo sita: kusema tokeni zote ni ngapi, kusema fulani anazo ngapi, kuhamisha, kumpa mwingine idhini ya kuchukua, kusema idhini hiyo imebaki kiasi gani, na kuhamisha kwa idhini hiyo. Basi programu moja ikaweza kushika tokeni za watu wasiojuana kabisa.

Kheri yake tumeiona kwa jirani zetu. Mwaka 2013 huko Mombasa, mtaa wa Bangladesh, wachuuzi walianza kupokezana hati za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, shilingi zilipokuwa adimu. Baadaye kazi hiyo ikaingia katika daftari la kompyuta kwa jina la Sarafu, na mwaka 2020 watu wa Kinango, Kwale, waliitumia kununua chakula. Lakini thamani yake haikutoka katika kompyuta. Ilitoka kwa jirani aliyekubali kuipokea na kutoa unga wake.

Kwani kanuni ile yataja mlango tu, haitaji yaliyomo nyumbani. Mkataba waweza kujibu yote sita kwa adabu, na aliyeuandika akawa amejiachia njia ya kujiongezea tokeni apendavyo, au ya kuwazuia wengine wasiuze. Hicho ndicho kitako kilichopandishwa.

Litazame na jambo la idhini. Ukimwambia jirani, "Kaangue nazi ishirini shambani kwangu," umempa haki yenye mpaka. Ukimwambia, "Kaangue utakazo, siku yoyote," umempa shamba. Kanuni inaruhusu idhini zote mbili, na programu nyingi zimezoea kuomba ile isiyo na mpaka, kwa kuwa ni nyepesi. Desemba 2021 wezi waliingiza maandishi yao katika tovuti ya BadgerDAO, yakawaomba watu idhini. Watu wakakubali bila ya kusoma, na zikachukuliwa mali za dola milioni 120 hivi. Mikataba ya tokeni ilifanya kama ilivyoandikwa, kwani idhini ilikuwapo.

Atasema mtu: "Basi kosa ni la aliyekubali." La. Kutofahamu kwa mnunuzi hakumhalalishii muuzaji. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo, na mpunjaji ni yule aliye na kipimo mkononi na anayejua alichokificha. Ajuaye na akanyamaza, kanuni yake haimtetei. Na mwenye mali naye ana wajibu: mali ni amana, naye ataulizwa juu yake. Asiweke idhini pasipo mpaka, wala asiseme "ndiyo" kwa jambo asilolifahamu.

Basi, ewe kijana unayeandika mikataba hii, andika idhini yenye mpaka, na ueleze wazi uliyojiachia. Na wewe mnunuzi, usiridhike kuona pishi. Ingiza mkono ndani uguse kitako. Kipimo kimoja ni neema kubwa, lakini hakijapata kumfanya mpimaji kuwa mwaminifu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza vipimo, tunapoonekana na tusipoonekana. Amin.