Juu ya Kutengeneza Viti vya Kukunja

Miongoni mwa vitu vilivyoenea siku hizi katika nyumba nyingi ni kile kiti cha kukunja kilichofanyizwa kwa ajili ya wasafiri walalao hemani. Miguu yake ni mabomba membamba ya chuma, kikalio chake ni kitambaa cha poliesta, na viungo vyake ni vya plastiki vilivyoshikwa kwa ribiti. Kwa asili yake ni kiti cha mtu apumzikaye siku mbili tatu porini. Lakini kwetu hukaa uani mwaka mzima, huazimwa kwa arusi na kwa matanga, tena hukaliwa na wanene na wembamba pia. Si ajabu basi kwamba huvunjika. Kikivunjika hupelekwa kwa fundi, naye huondoa plastiki iliyopasuka akatia chuma mahali pake. Mwenye kiti hufurahi, akasema, "Sasa kimekuwa imara kuliko kilivyotoka dukani." Nasi twauliza: Je, ni kweli? Na yule fundi aliyetia kipande chenye nguvu zaidi, amekwisha kutimiza wajibu wake?

Kwanza na tuseme wazi ya kuwa kutengeneza ni jambo jema. Wako wasemao kwamba kitu cha bei ndogo kikivunjika kitupwe, kinunuliwe kingine. Neno hili ni jepesi kinywani mwa mwenye fedha, lakini ni zito kwa mjane aliyeweka akiba miezi mingi apate viti viwili vya wageni. Tena plastiki na poliesta haziozi kama majani ya mgomba. Ukizitupa nyuma ya nyumba, wajukuu watazikuta. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno lao lafaa kwa kiti kama lifaavyo kwa nyumba.

Wala hatusemi kwamba kipande kipya kiwe dhaifu kama kile cha kwanza. Plastiki ikikaa juani siku nyingi huwa kavu kama ganda la yai, kisha hupasuka ghafula pasipo kuonya. Ukitia kiungo cha namna ile ile, kitapasuka vile vile. Kitambaa nacho huraruka hasa pembeni, pale ncha ya bomba inapoingia, kwa kuwa uzito wa mtu huning'inia hapo. Mwenye kuishona pembe hiyo kwa turubai maradufu na uzi wa nailoni amefanya vema. Basi kutia kipande chenye nguvu si kosa. Shauri letu lahusu yale yanayofuata.

Uzito wa mtu aketiye haukomi katika kipande kimoja. Hupita katika kitambaa, ukaingia viungoni, ukashuka miguuni hata ardhini. Fundi atiapo kiungo kinene cha chuma hakuupunguza uzito huo hata kidogo. Ameuhamisha tu kwa jirani. Plastiki ilikuwa ikipinda kidogo mtu alipoegemea upande mmoja; chuma hakipindi, na kwa hiyo msukumo wote huliangukia lile bomba jembamba, hasa pale lilipotobolewa tundu. Kila msomaji wa Injili aujua mfano wa kiraka kipya katika vazi kuukuu.

Kadhalika na bolti inayotiwa mahali pa ribiti iliyokatika. Ribiti ni laini ubavuni, lakini bolti ina meno; nayo meno yakikaa ndani ya tundu, kila kiti kinapokunjwa hukereza bomba kama tupa, hata tundu likapanuka. Fundi mwangalifu huchagua bolti yenye shingo laini, hutia washa pande zote mbili, na nati ile isiyolegea yenyewe. Wala haikazi hata bomba likabonyea, maana kiti cha kukunja kisichokubali kukunjwa kitalazimishwa, na kikilazimishwa kitavunjika.

Wavuvi wenye mashine katika mashua zao walijua jambo hili kabla yetu. Katika mashine nyingi ndogo, rafadha, yaani lile panga linalozunguka majini, imeshikwa na pini iliyokusudiwa kukatika. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika, na gia zilizo ndani husalimika. Mvuvi aliyechoka kununua pini, akatia msumari mgumu badala yake, aweza kusafiri siku nyingi akijisifu. Lakini siku ya mwamba msumari utasimama, na gia ndizo zitakazovunjika. Udhaifu ule aliouona kuwa kasoro ulikuwa ulinzi.

Hatusemi kwamba kila udhaifu ni ulinzi. Kiungo cha plastiki hakikuwekwa ili kimlinde mtu. Kiliwekwa kwa sababu ni rahisi kufanyizwa. Kazi ya akili ni kupambanua kipi ni kipi, na mkono usitangulie kabla akili haijapambanua.

Tena nguvu si ugumu tu. Kiko kiti cha safari cha zamani kiitwacho Roorkhee. Jina lake limetoka katika mji wa Roorkee huko India, ambao tangu mwaka 1853 ulikuwa makao ya askari mafundi wa Bengal. Maofisa wa Kiingereza walikichukua katika vita vya Afrika Kusini vya 1899 hata 1902. Na mwaka 1933 Kaare Klint wa Denmark alifanyiza kiti chake cha Safari kwa mfano wake. Miti yake ina ncha zilizochongwa kupungua kidogo kidogo, nazo huingia katika matundu ya umbo lile lile, pasipo gundi wala misumari. Kikiwekwa mahali pasipo sawa, viungo hujilegeza hata miguu yote minne ikagusa chini. Na mtu akiisha kuketi, uzito wake wenyewe huvikaza. Hapana kiungo kibebacho peke yake.

Labda mtu atasema, "Fundi amelipwa kwa kiungo kimoja, ya nini ajisumbue na vitatu vilivyobaki?" Twajibu: Mwenye kiti hununua kiungo kimoja, lakini aketiye hukalia kiti kizima. Naye aketiye mara nyingi si mwenye kiti. Ni bibi mzee aliyekuja matangani, akapewa kile kizuri kwa heshima. Hainami kutazama ribiti. Huketi kwa kuwaamini watu. Na mzee akianguka hata kwa kimo kidogo aweza kuvunjika mfupa wa nyonga, asisimame tena sawasawa.

Kwa hiyo twaona ya kuwa fundi amewiwa mambo matatu. Atazame uzito utakwenda wapi baada ya kipande chake. Akikalie kiti yeye mwenyewe, aegemee pande zote, kabla ya kukitoa mkononi. Na amwambie mwenye kiti kweli yote: "Kiungo hiki ni kizima, lakini bomba hili limechoka." Kupaka rangi juu ya ufa ni kusema uongo kwa brashi. Mwenye kiti naye, akiisha kuambiwa, asikiazime kwa jirani huku amenyamaza. Maana akinyamaza, kosa limekuwa lake.

Haya si ya viti peke yake. Katika chama au shule, mmoja akishindwa kazi, twamweka mwingine mwenye nguvu mahali pake, tukadhani mambo yamekwisha. Yeye hapindi, wala hachoki. Lakini mzigo aliokataa kuubeba umemwangukia nani? Baada ya mwaka twasikia kwamba wengine wawili wamevunjika, nasi twastaajabu, tukawaita dhaifu. Heri tungalitazama kiti kizima tangu mwanzo, tukapima nguvu za kila kiungo kabla ya kumsifu yule mpya.